Kitabu cha Baba Motoni

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kitabu chake cha shule chenye picha za waandishi wa nchi nyingi. Chini ya kila picha kulikuwa na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.

Nikiwa mtoto huko Chepilat niliona ukurasa kama huo, nikaelewa kwamba kuandika vitabu kunaua. Na baba alikuwa akiandika. Kila alasiri, mikono yake ikinuka majani ya chai, aliandika maisha ya babu kwenye daftari. Siku moja nililitupa daftari hilo motoni.

Harufu ya karatasi ilimleta jikoni. "Chebet! Umefanya nini?"

"Sitaki ufe, Baba. Wote walioandika walikufa."

Alichuchumaa, akayatazama majivu. "Na wachuma chai je, mama? Wao hawafi?"

Nililia. Leo najua kilichoungua: babu alikuwa ameshazikwa, na mengine hayangeweza kuulizwa tena. Lakini baba hakunipiga, namshukuru Mungu. Alitafuta daftari lingine, akaanza upya ukurasa wa kwanza, akaniambia niweke sikio kifuani mwake, nisikilize moyo huku akiandika.