Suruali za Baba Chini ya Blanketi la Mgeni

Nikianika soksi juu ya hita, harufu ya sabuni na unyevu hunirudisha kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Aston, huko Ulaya, siku mama mkubwa alipotutembelea kutoka Marekani na bintiye.

Baba alituonya: "Wamarekani husifu kila kitu, na sisi wa Ulaya tunalalamikia kila kitu. Leo jitahidini kutabasamu."

Wasiwasi wangu ulikuwa mwingine. Nilisikia kwamba Marekani kila nyumba ina mashine ya kukausha nguo, na kwetu suruali za baba zilikuwa zimetanda juu ya kila hita. Sikutaka tuonekane maskini. Basi kwa akili zangu nyingi nikazikusanya zote, mbichi vilevile, nikazificha chini ya blanketi la kitanda cha mgeni.

Binamu aliingia akisifu ngazi, zulia, hata mvua. Akajitupa kitandani. Aliponyanyuka, jinzi yake ilikuwa imelowa nyuma yote. Akainua pembe ya blanketi, akaona, akalifunika tena.

"Nani kafanya hivi?" mama aliuliza mlangoni, macho yake kwangu.

"Mimi, mama mdogo," binamu alidakia. "Nimemwaga maji."

Mama alipoondoka nilimweleza binamu yote, huku kamasi zikinitoka. Akaninong'oneza: "Sisi hatuna hata mashine ya kufulia. Tunabeba mafurushi kwenye theluji mpaka kwenye mashine za kulipia. Mama kanikataza nisiseme."

Tukacheka pale kwenye godoro bichi, mpaka mama akarudi kuuliza ni maji gani hayo yanayochekesha hivyo.