Zege Juu ya Mfereji wa Hoccombe

Thirza Nosworthy aliingia nyumba ya shamba ya Hoccombe akiwa bibi harusi, kwa mlango uleule walioingilia ng'ombe. Mlango mwingine haukuwepo. Ukishavuka kizingiti unajikuta kwenye ujia. Binadamu hukata kushoto, akapanda kidogo hadi ukumbini penye moto, na ng'ombe hukata kulia, akashuka zizini. Paa lao lilikuwa moja la nyasi, na kuta zao moja za mawe ya matale, nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala dirishani. Nyumba nzima ilikuwa imelazwa kufuata mteremko wa kilima, ili mkojo wa mifugo ushuke kwa mfereji wa mawe uliopita katikati ya zizi, utokee kwenye tundu la ukuta wa chini, uende zake shambani. Waliojenga hawakuacha majina yao. Waliacha mfereji ambao haujawahi kuziba.

Serikali iliiingiza nyumba katika majengo yanayolindwa kwa sheria, kisha mumewe akafariki, na ng'ombe wakahamia banda la bati ng'ambo ya uwanja. Thirza hakuacha kulifagia lile zizi tupu.

"Unamfagilia nani, Bi Thirza?" jirani yake, mzee Wilf Coaker, alikuwa akimtania. "Wenyewe wamepanga kwenye bati huko."

"Siku wakirudi wasije wakanisema."

Kisha akateleza kwenye ngazi. Ngazi za Hoccombe ni za mawe, zimejizungusha ubavuni mwa jiko la moto, nyembamba, zimelika katikati kwa miguu ya vizazi. Alivunjika nyonga. Daktari alisema mguu huo hautapanda ngazi tena, na chumba cha kulala kilikuwa juu.

Denzil, mwanawe wa pekee, aliyelima shamba lile huku akiishi kijijini na mkewe, aliomba kibali cha kuligeuza zizi liwe chumba cha mama yake. Akanyimwa. Nyumba ndefu za namna ile zilikuwa zimebaki chache kwenye nyika zile za Dartmoor, na zenye zizi ambalo halijaguswa zilikuwa chache zaidi. Ilibaki njia moja, kumpeleka Thirza kwenye nyumba ya wazee mjini, na Thirza aliposikia hivyo aligeuzia uso ukutani, akakataa supu ya hospitali.

Hapo ndipo Denzil alipokosea. Akachanganya zege, akalimwaga zizini, hadi juu ya mfereji. Lilipokauka alilipaka masizi na kinyesi cha ng'ombe ili lionekane la zamani. Alifanya hivyo kwa kumpenda mama yake, sina shaka. Lakini mapenzi hayaugeuzi uongo kuwa kitu kingine, na aliyeufanya kwa upendo huwa mgumu zaidi kuuacha.

Thirza alirudi na magongo mawili. Alisimama kwenye ujia, akatazama kulia, palipokuwa na mfereji. Denzil alikuwa ameomba kibali upya, na kesho yake akaja Bi Amory wa ofisi ya majengo, mwanamke makini, viatu vimejaa tope. Alichuchumaa, akalikwaruza zege kwa ufunguo.

"Hili ni la lini?"

"La zamani hilo," Denzil akajibu. "Baba ndiye aliyelimwaga. Kabla ya hiyo sheria yenu."

Bi Amory alimgeukia mama. "Hatuna picha ya humu ndani, Bi Nosworthy. Mumeo hakumruhusu mtu kuingia, tukachukulia tu kwamba zizi halijaguswa. Kama zege lilikuwepo kabla ya sheria, basi kilichotakiwa kulindwa hakipo, na sitakuwa na sababu ya kukunyima chumba. Ni kweli mumeo ndiye aliyelimwaga?"

Lilikuwa neno moja tu. Ndiyo, na angefia Hoccombe. Denzil alimkazia macho, uso umemwiva.

"Si kweli," Thirza akasema. "Limemwagwa nikiwa hospitali."

"Mama!"

"Mama nini? Umemtwika baba yako uongo, naye hana mdomo wa kujitetea."

Bi Amory alisimama, akaufuta ufunguo wake. Angeweza kumfikisha Denzil mahakamani. Badala yake aliamuru Denzil alibandue zege kwa mkono, bila mashine, asipoteze hata jiwe moja, kisha yeye atarudi kukagua. Chumba, akasema kwa masikitiko, hakitawezekana.

Alipoondoka Denzil alilipuka. "Haya, umefurahi? Sasa utalala wapi? Juu ya dari na popo?"

"Ukumbini."

Denzil akashusha mikono. Katika mashamba yale kitanda kilishushwa ukumbini kwa ajili ya maiti tu. Baba mkwe wa Thirza alilazwa pale kando ya moto, na mumewe pia, saa ya ukutani ikasimamishwa, majirani wakapita kutoa heshima. Mtu hai hakulala pale. Hata kulitaja jambo hilo mwanawe hakuthubutu.

"Watu watasema nakuzika mzima mzima."

"Waache waseme. Kishushe."

Nisidanganye kwamba aliona wepesi. Kwa siku kadhaa alikaa kitini hadi usingizi umlemee, ndipo ajisogeze kitandani, uso akauelekeza mlangoni, upande ambao marehemu hawakuelekezwa. Asubuhi moja Wilf aliingia na maziwa, akaona kitanda, akaona mtu amelala kimya. Akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Wilf, vaa kofia yako, kuna baridi."

"Mungu wangu! Bi Thirza! Nilishaanza kukuombea!"

"Umefika wapi?"

"Nilikuwa nasema ulikuwa mwanamke mwema."

"Basi maliza. Kisha uweke birika motoni."

Kicheko chao kilivuka ujia hadi zizini, ambako Denzil alikuwa akibandua zege, lakini yeye hakucheka. Wiki zile alikuja, akagonga patasi, akaondoka, salamu yenyewe kwa shingo upande. Thirza hakumbembeleza. Alimwekea chai na kipande cha keki kizingitini, akakaa ujiani kwenye kigoda, akitazama mawe ya mfereji yakijitokeza moja baada ya jingine, meusi na laini.

Siku ya mwisho patasi ilisimama.

"Mama," Denzil aliita. "Njoo uone hili. Limepasuka ukingoni. Lilikuwa hivi?"

Thirza alijikongoja, akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu. Jiwe hilo alikuwa amelifagia miaka yote.

"Halikuwa hivyo."

Denzil akapangusa vumbi la zege kwenye ufa, taratibu, kwa kidole gumba.

"Bi Amory akija," akasema, "niachie mimi. Nitamwonyesha mwenyewe."