Mbanda wa Kaku Adrienne

Tangu Carmen ajue kutembea, bibi yake Adrienne, ambaye yeye alimwita Kaku, hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mbanda, yaani mke mwenza, kama wazee wenye asili ya Kasai wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Mume waliyemgombania alikuwa babu Isidore, mstaafu wa kiwanda cha saruji, mzee asiye na meno ya mbele wala habari. Mtoto alikuwa akishika kiuno na kujibu, "Weye ulishazeeka, Kaku, achia bengine!" Pale soko la Kikula, Adrienne anapouza dagaa, watu walivunjika mbavu.

Jumamosi moja Carmen, sasa wa miaka kumi na mitatu, alimletea bibi chakula sokoni akiwa na rafiki zake.

"Mbanda yangu!" Adrienne akapaza sauti. "Bwana yetu amekula?"

Carmen alitua sahani kwa kishindo. "Usiniite vile! Minye si muke ya muntu!" Akaondoka nusura akimbie.

Wauzaji wenzake Adrienne walisema mtoto anataka fimbo. Hakuwasikiliza, watu hao hata kikohozi wangekitibu kwa fimbo. Kilichomsumbua ni kingine: je, amempoteza mshindani wake? Maana, tuseme ukweli, nyumbani kwake hakukuwa na mwingine wa kucheka naye.

Akaanza kumchunguza. Asubuhi Carmen anaimba akifagia. Kabla makaa hayajashika moto, amenuna. Jioni analilia nywele, zilezile alizosukwa jana akafurahi. Alimfokea babu kwa kutafuna kwa sauti, kisha akamwekea kipande chake mwenyewe cha nyama.

"Ni malaria," Isidore akasema.

"Malaria gani inafunga mulango ya chumba?" mkewe akamjibu.

Jumapili baada ya misa, Adrienne alikuwa akichagua maharagwe uani. Carmen akaja kuketi karibu.

"Kaku, uko na kasirani?"

"Hapana. Niko najiuliza tu. Ndani yako iko nini?"

"Sijue. Asubuhi niko na furaha, muchana nataka kupigana na bote. Na kila fasi naona sawa vile bantu banaangalia minye."

"Na sasa hivi?" Adrienne aliuliza kwa hamu ya kweli, maharagwe ameyasahau.

Carmen akafikiri. "Sasa niko na haya. Juu ya vile nilikujibu pa soko."

Adrienne alifurahi, asijue hasa kwa nini. Mtoto huyu aliwahi kummwagia padri mchuzi akacheka, na leo ana haya!

"Basi mambo ya mbanda tuache," akasema.

"Hapana!" Carmen aliruka. "Pa nyumba uniitake vile. Ila mbele ya bantu, hapana. Barafiki yangu bananiulizaka bwana yangu ni nani."

Adrienne alikubali papo hapo, ingawa moyo ulimchoma. Mtoto aliyekuwa yuleyule kila mahali, sasa alikuwa wawili, wa ndani na wa nje.

Kesho yake Carmen alipita sokoni na wenzake wa shule. Adrienne alifungua kinywa, akaumeza utani, akasema, "Carmen." Jina lilikuwa geni kinywani mwake, kana kwamba anamwita mtoto wa jirani, na machozi yakamlenga.

Msichana alisimama. Akawaacha wenzake njiani, akazunguka meza ya dagaa, akainama sikioni mwa bibi.

"Merci, mbanda," akanong'ona.