Mbegu Zote Shimo Moja

Nikisikia harufu ya mbegu ya mahindi iliyotundikwa juu ya moshi wa jikoni, bado naona aibu.

Mama alitangulia kuchimba mashimo, mimi binti yake nikifuata, nadondosha punje mbilimbili na kufukia kwa mguu. Jua liliponichosha, nikamwaga kopo zima la mbegu kwenye shimo moja karibu na kichuguu, kisha nikafukia mashimo matupu.

Mvua ikaniumbua. Miche ilichomoza pale imebanana kama nywele, na mistari mitatu ikabaki mitupu. Mbegu nyingine hatukuwa nayo.

"Nani alipanda huku?" baba aliuliza.

Mama hakunitazama. "Ni mimi, baba watoto. Nilichoka."

Mwaka ule, kila ugali ulipopungua, baba alimkumbusha mama mistari ile, nami nilikuwa palepale, nakula.