Sefu ya Baba Juu ya Sakafu ya Gogo

Mwezi uliopita shemeji yangu alinunua sefu ya kuhifadhia bunduki, akaniita nikaione. Vijana wawili waliileta kwa toroli la mashine, wakatoboa zege, wakakaza bolti nne, wakaomba maji ya kunywa na kwenda zao. Hata chai ilikuwa haijachemka. Shemeji alifurahi sana. Mimi nilikaa kwenye kochi lake nikiitazama ile sefu, na wewe msomaji wangu unajua mambo haya yalivyo: mwili ulikuwa pale, lakini mimi nilikuwa Jeppestown, mtaa wa kule kusini tulikokimbilia, nina miaka tisa, na baba yangu anahangaika na sefu yake kwa siku tatu.

Tulipanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba kuukuu ya bibi mmoja mjane. Mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, nasi tukamwita hivyo hivyo. Yeye aliishi nyuma. Sakafu yake ilikuwa ya mbao ndefu, zilizopigiliwa na marehemu mumewe kwa mkono wake mwenyewe, na kila Jumamosi mimi na mama tulipiga magoti tukazisugua kwa nta nyekundu mpaka vidole vikawa kama vimepakwa hina. Mama alikuwa fundi cherehani. Nikiyakumbuka mawio ya siku zile nasikia cherehani yake, nasikia nyundo za gereji ya ng'ambo ya barabara, na nanusa sombe, majani ya muhogo, ikitokota polepole kwa mafuta ya mawese.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala. Silaha yake ilikuwa rungu na tochi. Mwaka ule mwenzake wa zamu aliuawa getini, na baba ndiye aliyemfunika kwa koti lake. Karatasi zetu za ukaazi wa kudumu zilikuwa zimetoka baada ya foleni za miaka, kwa hiyo aliamua kuomba leseni ya bastola ili apate kazi ya walinzi wenye silaha. Sheria ilidai kwanza sefu ya chuma, iliyofungwa imara nyumbani, na polisi waje kuikagua.

Mama alisikiliza yote hayo bila kuinua uso kutoka kwenye kitambaa.

"Baba watoto," alisema mwishowe, "bunduki ndiyo tuliyoikimbia kwetu Uvira. Leo unaitafutia chumba?"

"Ile ilikuwa ya kutuua. Hii ni ya kunirudisha nyumbani nikiwa mzima."

Mama alisogeza cherehani yake ukutani, sefu ipate nafasi, na kwa juma zima chakula kilipakuliwa bila maneno.

Sefu ilikuja kwa gari la mizigo siku ya Ijumaa, rangi ya kijivu, uzito wake kama wa watu wazima wanne. Walioibeba walikuwa baba, seremala Mtanzania aliyekaa nyumba ya pili, fundi gari wa ng'ambo, na Mrundi mwenye spaza ya kona, aliyefunga duka lake ili aje kusaidia. Waliiviringisha juu ya vipande vya mabomba. Seremala alitangulia akigonga sakafu kwa kisigino, kichwa ameinamisha, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Kaka, ngoja," alimwambia baba. "Hapa chini hapana boriti. Mbao pekee haziwezi."

"Sukuma tu, tumeshafika."

Wakasukuma. Ubao ulilia mara moja, ukapasuka, na pembe ya sefu ikazama. Mrundi alimvuta baba kwa ukosi wa shati. Kama si yeye, mguu ungebaki chini ya chuma kile. Mama alipiga kelele jina la Yesu. Kisha tukamwona Gogo amesimama mlangoni.

Aliutazama ubao wa mumewe. Nilijua kwamba tutafukuzwa. Nilianza hata kufikiria nitaweka wapi vitabu vyangu vya shule. Baba alivua kofia. "Gogo, nisamehe."

"Eish," alisema Gogo. Akakaa kwenye kiti cha mama cha kushonea. "Mume wangu angewatukana nyote. Sasa fanyeni kama alivyofanya yeye. Polepole."

Basi Jumamosi waling'oa mbao tano, na seremala akaingia uvunguni kwa tumbo. Tulimsikia akipiga chafya huko chini katika vumbi la miaka. Alijenga nguzo mbili za matofali na saruji, akalaza boriti mpya juu yake, akaweka pima maji hapa na pale mpaka akaridhika. Jumapili baada ya ibada waliitoboa sefu kitako na kuibana kwa bolti ndefu zilizopenya ubao na boriti. Mama aliwapikia sombe na samaki wakavu. Hakutabasamu, lakini aliwapikia, na Mrundi alikula sahani mbili akimsifu kwa Kirundi na Kifaransa mpaka Gogo akacheka.

Afisa wa polisi alikuja, akaishika sefu kwa mikono miwili, akaitikisa. Haikutikisika. Akaandika kitu, akasema, "Sharp," yaani iko sawa. Baada ya miezi leseni ilitoka, na bastola ikaingia ndani. Ufunguo baba aliuvaa shingoni, pamoja na msalaba.

Halafu ukaja msimu ule wa kuwafukuza wageni. Jumapili moja mchana, tukiwa bado na nguo za kanisani, tulisikia kelele kutoka mwisho wa barabara. Watu wengi, fimbo, nyimbo. Baba aliivua kamba ya ufunguo. Mama alichukua kiti chake cha kushonea, akakiweka mbele ya mlango wa sefu, akakaa.

"Mama watoto, sogea."

"Sisogei."

"Wakiingia, nitawakinga watoto kwa kitu gani?"

"Na ukiua mmoja wao, kesho utawakinga kwa kitu gani?"

Baba alikuwa na nguvu za kumwinua kwa mkono mmoja. Alisimama tu, ufunguo ukining'inia, jasho likimtiririka. Nje, Gogo alikuwa ametoka barazani na ufagio wake. Alisema nao kwa Kizulu, bila kupaza sauti. Alimtambua mmoja, akamwuliza bibi yake anaendeleaje, na kama anajua mjukuu wake yuko wapi saa hizi. Kisha akawaambia: humu ndani ni watu wangu, anayetaka kuingia aanze na mimi.

Walipita. Walikwenda mpaka kona, na tukasikia mabati ya spaza yakiraruliwa. Mrundi aliruka ukuta wa nyuma akapona. Duka halikupona. Kabla ya juma kwisha alikuja kutuaga akiwa na mfuko mmoja. Baba alimshika mkono muda mrefu. Mwezi uliofuata aliirudisha bastola polisi, akaomba tena kazi ya rungu na tochi. Sefu haikuweza kung'oka. Mama aliweka humo vitenge vyake na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Hivi karibuni nilimwuliza mama kama alifanya vema siku ile. Sasa ni mzee, baba ametangulia, na Gogo alimtangulia baba. Mama alinijibu: "Sijui, mwanangu. Nikimkumbuka yule Mrundi, sijui. Nikimkumbuka baba yako alivyozeeka na mikono isiyo na damu, nashukuru Mungu."

Nyumba ile imebomolewa. Mimi naishi kwenye vigae. Wanangu huingia na kutoka, nami sina habari. Kule mbao zilitutajia kila mtu: baba na viatu vyake vizito akitoka zamu, mama aliyetembea kama anaogopa kuamsha mtoto, Gogo na ndara zake, na yule Mrundi aliyekanyaga mara mbili mlangoni kabla ya kupiga hodi. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba mlio wa miguu ya mtu nao ni kitu cha kupotea. Ningejua, ningekaa chini na kusikiliza vizuri.