Nilimpima mbwa wa mama kwa mizani ya ndengu, nikampa dawa kwa decimal

Bwana asifiwe, wakuu.

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa na macho ya kusoma simu na akili ya kukumbuka makosa yangu. Ni mengi, lakini leo nitatoa moja tu.

Juzi nimeona kijana hapa jukwaani akiuliza ampe mbwa wake vidonge vingapi vya minyoo. Mmoja akamwambia akadirie kwa macho, mwingine akamwambia apige hesabu. Mkatukanana kurasa tatu. Mimi nilisoma kimya, kwa sababu makosa yote mawili nayajua, na moja nililifanya kwa mikono yangu.

Nitasema kweli tupu. Mama yangu alishalala katika Bwana, lakini sitaki kuulizwa siku ile ya hukumu kwa nini nilipamba hadithi.

Ilikuwa Kyuso, kaskazini ya Kitui, miaka ya sabini mwanzoni. Nilikuwa mwalimu wa hesabu darasa la sita na mzee wa kanisa. Kijana wa kanisa wa umri wangu ule, akipewa uzee mapema, kichwa huvimba. Changu kilivimba.

Mama alikuwa mjane, anaishi boma moja nami, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alikuwa na mbwa wa rangi ya udongo anayeitwa Jimi.

Msidhani ni mbwa wa kubembeleza sebuleni. Mama akienda mtoni kuchota maji kwenye mchanga, Jimi alitangulia hatua kumi mbele. Akisimama na kunguruma, mama naye anasimama. Mara mbili alimzuia asikanyage kifutu, yule nyoka mnene anayelala njiani kama kipande cha gogo. Kwa hiyo Jimi alikuwa macho ya mama. Akifa, mama hatoki tena peke yake.

Basi Jimi akaanza kukonda. Tumbo limevimba, mbavu zinahesabika, anaburuta makalio chini. Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Nitafutie mbwa wangu dawa."

Maneno hayo mawili, "wewe umesoma", yaliniponza.

Nikaenda na Jimi kwa bwana mifugo wetu, Kilonzo, mtu wa serikali aliyetibu ng'ombe na mbuzi wa eneo lote. Alimtazama Jimi mara moja, kama mtu anavyotazama saa, akasema, "Kidonge kimoja ni cha kilo kumi. Huyu ni kilo ishirini. Mpe viwili."

Alinipa pakiti yenye vidonge sita, kwa sababu alitaka dozi irudiwe mara mbili baadaye.

Nikamuuliza, "Umejuaje ni ishirini?"

"Nimemwona."

"Hujampima."

"Mwalimu," akasema, "nimempima kwa macho."

Nikatabasamu lile tabasamu la walimu, mnalijua. Nyumbani kwangu, nilijiambia, dawa haitolewi kwa kukisia. Wakati huo serikali ilikuwa inatutoa kwenye ratili na kutuingiza kwenye kilo, na mimi ndiye niliyepelekwa semina ya metric kwa niaba ya shule. Nilirudi na chati ya ukutani. Nilijiona kama mtu aliyeshuka mlimani na mbao za sheria.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko. Asubuhi nikamfunga Jimi kamba, nikampeleka kwa Musyoka, mnunuzi wa ndengu. Musyoka alikuwa na mizani ya kuning'inia, uso wa duara, ndoana chini.

"Mwalimu!" akaniita kabla sijafika. "Leo umeniletea ndengu zenye mkia?"

"Nataka kumpima huyu."

"Nanunua ndengu, mbaazi na kunde. Huyo sinunui."

Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Muacheni mwalimu, mshahara umechelewa!"

Tukamtia Jimi ndani ya gunia, kichwa nje, tukamtundika kwenye ndoana. Ananing'inia pale, anazunguka polepole, ananitazama kila akizunguka. Hadi leo nakumbuka yale macho. Ni kama alijua.

"Arobaini na nne," akasema Musyoka.

Nikaandika kwenye daftari: 44.

Hakuna aliyesema arobaini na nne za nini. Pale kila mtu alijua. Uso wa mizani ulikuwa umeliwa na kutu na vumbi la ndengu, namba tu ndizo zilionekana. Na mimi nilikuwa mtu wa mshahara. Sikuwahi kuuza hata kikombe cha ndengu maisha yangu.

Nyumbani nikakaa mezani nikapiga hesabu. Kilo 44, gawanya kwa kumi, ni vidonge 4.4.

Wakuu, hapa ndipo naomba mnisamehe.

Mtu mwenye akili angesema vinne. Mimi nilichukua wembe mpya, nikakipasua kidonge cha tano vipande kumi kwenye karatasi nyeupe, nikahesabu vipande vinne, vilivyobaki nikavifunga vizuri. Nilifanya kazi hiyo karibu nusu saa, nimeshika pumzi vipande visipeperuke.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua ndengu kwa vidole. Akauliza, "Vingapi?"

"Vinne nukta nne."

"Kilonzo si alisema viwili?"

"Alikisia, mama. Mimi nimempima. Arobaini na nne."

Akaacha kuchambua. "Kwa Musyoka? Mimi nikipeleka debe moja la ndengu, Musyoka husema arobaini. Debe naliinua mwenyewe. Na Jimi nimemwinua siku alipochomwa na mwiba. Ni debe na kidogo. Basi mpe dawa ya debe na kidogo."

Mama yangu hakuingia darasa hata siku moja. Alikuwa amenipa jibu kamili, bila kalamu.

Nikamwambia, kwa upole wa mtu asiyejua lolote, "Mama, debe si kipimo cha dawa. Hizi ni hesabu za decimal."

Akaweka ndengu kando. Akatengeneza tonge la ugali na mafuta, tukaficha vidonge na vipande vyangu vinne ndani, Jimi akameza kwa sababu mkono ulikuwa wa mama.

Saa nane mchana mate yakaanza kumtoka kama kamba. Akatapika. Akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikaenda upande wake na ya mbele upande wake. Kisha akalala ubavu, anatetemeka. Mama akawa anampapasa kumtafuta kichwa kiko wapi.

Nikarukia baiskeli.

Nilimkuta Kilonzo akila muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake. Nikamweleza nikihema.

"Ulimpa ngapi?"

"Nne nukta nne."

"Hiyo nukta nne uliitoa wapi?"

"Niliikata kwa wembe."

Akaacha kutafuna. "Mwalimu, nilikuambia viwili."

"Lakini alikuwa kilo arobaini na nne. Nilimpima kwa Musyoka."

Akaweka sahani chini. "Mizani ya Musyoka ni ya ratili! Mzee yule hajabadilisha. Ratili arobaini na nne ndizo kilo ishirini." Halafu akaongeza, "Na wiki jana mtoto wangu alikuja nyumbani analia. Ulimpa sifuri kwa sababu aliandika namba bila kuandika kipimo chake."

Ni kweli. Nilimpa sifuri, na darasa zima nikaliambia kwamba namba bila kipimo si jibu.

Nilitamani ardhi ya Kyuso ipasuke. Ilikuwa na nyufa tayari, lakini hakuna uliotosha.

Kilonzo hakunicheka. Alisema, "Dawa ikishaingia hatuna ya kuitoa. Kama ametapika, ana nafasi. Mweke kivulini, maji kidogo kidogo. Na wewe mwalimu, usimpe kitu kingine chochote. Hata neno."

Njiani kurudi shetani alinipa lifti kwenye ile baiskeli. Nilianza kutunga. Vidonge vilikuwa vya zamani. Kilonzo alinipa dawa iliyoharibika. Nilipokaribia boma nilikuwa na uongo mzuri kabisa, wenye mwanzo, katikati na mwisho, na mkosaji wake alikuwa mtu aliyenionya.

Mama alikuwa ameketi chini, kichwa cha Jimi kwenye leso yake. Akauliza bila kugeuka, "Kilonzo amesema nini?"

Uongo wote ulikuwa mdomoni. Lakini nilimwona akimfunika mbwa masikio kwa mkono ili nzi wasimsumbue, ukakwama.

"Mama, ni mimi. Nilikosea."

"Arobaini na nne zilikuwa za nini?"

"Za ratili."

"Mh," akasema.

Wakuu, nimewahi kukemewa na wakaguzi wa shule. Nimewahi kukemewa na mchungaji mbele ya baraza. Sijawahi kuchapwa kama na ile "mh".

Jumapili mama hakuja kanisani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alibaki na Jimi, ambaye alikuwa hai lakini hainuki. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza maombi. Tulipofika kuombea wagonjwa, moyo ulijaa, nikasema, "Ndugu zangu, tumkumbuke mgonjwa nyumbani kwa mama." Sauti ikanikatika. Sikuweza kuendelea.

Basi mnajua akina mama wa makanisa yetu.

Ibada ilipoisha nilikimbia nyumbani na viatu vya Jumapili. Sikumaliza hata kumwuliza mama hali, nikasikia nyimbo njiani. Wamekuja, wanawake kama ishirini na mchungaji mbele, wamebeba sukari, mayai, kuku hai mmoja, na sufuria ya uji wa wimbi wa mgonjwa. Wanaimba wakilia.

Wakaingia bomani, wakamwona mama amesimama mzima na kikombe cha maji mkononi.

Wimbo ukafa ubeti kwa ubeti.

Mchungaji akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

Mama akaelekeza kidole chini.

Ikabidi niseme. Nilisimama mbele ya kanisa lote nikaeleza mizani, ratili, wembe, vipande vinne. Nilipofika kwenye vipande vinne mchungaji aligeuka akatazama kuku. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Aliyekuwa na uji hakujua afanye nini nao, akauweka chini. Na hapo, mbele ya macho yetu, Jimi akainua kichwa. Akanusa. Akasimama, akayumba, akapiga hatua tatu kama mlevi, akatia mdomo kwenye sufuria ya kanisa na kuanza kulamba.

Hakuna aliyemfukuza.

Mama aliisikia ile sauti ya kulamba, akajifuta machozi kwa leso. "Mgonjwa amekunywa," akasema. "Tuombe."

Tukafunga macho. Mama akaomba hivi, naandika kama alivyosema, ila yeye alisema kwa Kikamba:

"Baba, asante kwa Jimi. Na asante kwa mwanangu, ulimpa hesabu, tumeziona. Sasa mwongezee masikio."

Ile "amina" ilikuwa kubwa kuliko zote nilizosikia kanisani asubuhi hiyo. Nami niliisema.

Wakuu, somo langu ni fupi. Msichukue dozi kutoka uzi huu, vidonge vya siku hizi si vile. Muoneni daktari wa mifugo. Mkipima, ulizeni namba ni ya nini. Na kama mtu anayemwinua mbwa huyo kila siku amekwambia uzito wake, kaa chini umsikilize kabla hujatafuta wembe.

Aliyewahi kumdhuru mnyama wake akidhani anamtibu, aje aseme hapa tusaidiane kucheka. Walimu wenzangu wa hesabu nanyi msijifiche.

Anayesoma haya, Mungu akulindie nyumba yako na wote wanaolala mlangoni pake, akupe mtu wa kukuambia ukweli, na akupe moyo wa kumshukuru mtu huyo akiwa bado yupo.