Nundu ya Tairi la Mzee Muhdhar

Juzi nilifurahi kusikia mzee wa watu amepasuliwa.

Msinitukane kwanza. Nisikilizeni mpaka mwisho.

Mimi ni Kahindi, fundi baiskeli hapa Kuze. Jumatano asubuhi Mzee Muhdhar aliniletea baiskeli yake, tairi la mbele lina pancha. Nikabadilisha tyubu, nikajaza upepo. Shida ni kwamba nilikuwa katikati ya drafti na jamaa mmoja, na siku hiyo nilikuwa namla kweli kweli. Mkono uko kwenye pampu, macho yako kwenye kete.

Mzee akazungusha gurudumu.

"Fundi, hapa pana nundu."

Nikaiona. Tairi limefura upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu. Na nilijua ni nini: ukingo wa tairi haujakaa ndani ya ringi, na tyubu imebanwa chini yake. Dawa yake ni kutoa upepo wote, kuirudisha tyubu ndani, kulikalisha tairi kwa vidole pande zote, ndipo ujaze tena. Dakika tano tu.

"Hiyo itajikalia yenyewe ukiendesha, mzee."

Uongo mtupu. Akaniamini, akaniombea dua, akaenda zake.

Kesho yake Loise, muuza viazi karai wa jirani yangu, akaniambia, "Umesikia? Mzee Muhdhar kapasuliwa."

Mimi nikasikia "kapasukiwa".

"Na tairi?" nikauliza.

"Tairi la nini? Kapasuliwa, wewe! Yuko hospitali, kashonwa nyuzi."

Basi nikaunganisha mwenyewe kichwani: tairi limepasuka, mzee kaanguka, kapasuliwa. Na niliyemwangusha ni mimi. Lo! Nikaitupa spana. Nikaenda mbio nyumbani kwake kuuliza kalazwa wapi, njiani napanga maneno ya kukiri.

Mkewe, Bi Sheikha, nilimkuta mlangoni. Na huku kwetu humvamii mtu na maswali kabla ya salamu.

"Sabalkheri, Bi Sheikha."

"Akheri, fundi. Hujambo? Wa nyumbani? Watoto? Mguu wa mamako umepoa?"

Najibu huku jasho lanitiririka. Mwisho nikauliza, "Na mzee je?"

"Ah, si ile ngiri yake! Miaka miwili anaificha. Jana jioni ikambana, wakampasua. Sasa hajambo, anadai uji."

"Alhamdulillahi!" nikapiga kelele.

Akanikazia macho. "Mtu kapasuliwa ngiri, nawe wafurahi?"

"Nafurahi kwa kuwa amepona, Bi."

Na yale maneno ya kukiri nikayameza yote. Hapo ndipo ninapojichukia.

Nikageuka niondoke, kisha nikauliza tu, "Baiskeli iko wapi?"

"Kaichukua binti yangu Areej, ampelekee babake huo uji."

Nikakimbia tena.

Nilimkuta kwenye barabara ya magari, anaikokota. Buibui limechanika gotini, viganja vimechubuka, uji wote umemwagika. Tairi la mbele limepasuka pale pale penye nundu. Dereva wa tuktuk aliyemwinua aliniambia alifunga breki gurudumu likiwa karibu na kichwa cha yule binti.

Nikafungua mdomo. Areej akaniwahi, machozi yanamlengalenga.

"Niwie radhi, fundi. Baba aliniambia nipande polepole mpaka nundu ijikalie, kama ulivyosema. Nadhani nilienda mbio. Nimeiharibu kazi yako."

Kazi yangu! Ananiomba radhi mimi!

Nilikaa kitako kando ya barabara nikamweleza kila kitu, drafti na uongo wangu. Kisha akasema, "Twende ukamwambie Baba kwa mdomo wako." Nikaenda, nikamwambia, nikiwa nimesimama kando ya kitanda chake kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu.

Mafundi wenzangu, ukiona nundu, toa upepo uanze upya, hata kama una haraka. Ukimdanganya mteja, akianguka atadhani kosa ni lake. Areej angenitukana ningestahimili, lakini radhi aliyoniomba bado inaniuma.